Risiti ya Bibi Shamba

Siku mkulima mmoja alipomwona kwa mara ya kwanza, mama yule alikuwa amepiga magoti sakafuni, viatu amevivua, penseli ameichomeka kwenye nywele, akibishana na mzee mmoja kuhusu mfereji. Karatasi kubwa ilikuwa imetandazwa chini kwa sababu meza haikuitosha, na kila pembe ilikandamizwa kwa kitu chake: jiwe la mizani, kikombe, kopo la pini, na kiatu kimoja cha mama mwenyewe.

"Maji hayapandi mlima, mzee wangu," alikuwa akisema. "Mimi naweza kuyachora yakipanda, lakini shambani yatakataa."

"Wewe chora tu, mama. Ofisi watajua wenyewe."

"Hapo umeniacha. Penseli yangu haijui kusema uongo. Nimeilea vibaya."

Mtu aliyesimama mlangoni, kofia mkononi, alicheka kidogo, kisha akaona aibu kwa kucheka mambo yasiyomhusu. Huyo ndiye watu waliyemwita Haya. Jina hilo alipewa kwa sababu mbili, na zote za kweli. Kwanza, alikuwa mtu wa haya, mkulima wa makamo ambaye hata salamu aliitoa kana kwamba anaomba radhi. Pili, kila alichoambiwa alijibu "haya". Ukiazima jembe lake, haya. Ukimrudishia mpini umevunjika, haya. Mama yule angejua kwamba mtu mpole namna hiyo ndiye atakayemharibia jina, huenda angemfungia mlango siku ileile. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Alimkaribisha, akampa kiti.

"Kaa kile kirefu, baba. Hiki kifupi ni cha wanaokuja kugomba. Mtu akikaa chini sana, hasira zinamtoka."

Chumba kilikuwa zamani cha muuza nyama. Ndoano ilikuwa bado inaning'inia darini, na mama ametundika hapo mwavuli na mkoba wake. Watu walimwita Bibi Shamba kwa sababu alifanya kazi ya kilimo serikalini miaka ishirini na saba, akizunguka mashambani kwa pikipiki, hadi alipostaafu. Sasa alikuwa mshauri. Ukutani alibandika karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: kujaza fomu, bei yake, kuchora mpango wa shamba, bei yake, kuja shambani, bei yake. Chini kabisa aliongeza: "Kuuliza, bure. Kukopa, kesho."

Mwaka ule ulikuwa umetangazwa mpango wa maji ya matone. Mkulima ambaye ombi lake lingekubaliwa angepewa tangi, mipira yenye vitundu, na miche ya kupanda mpakani. Habari ya kupewa ilienea kwa siku moja. Habari ya pili, kwamba lazima kwanza ujaze fomu ya kurasa kumi na mbili na uambatanishe mpango wa shamba wa miaka mitano, ilikuja nyuma ikichechemea. Hapo ndipo washauri walipoota kama uyoga. Mmoja alikaa karibu na stendi, akitaka robo ya mipira yako ombi likipita. Mwingine hakutaka hata kuliona shamba. Alikuwa na mpango mmoja tu aliowatolea watu wote kopi, hadi mjane mmoja mwenye shamba juu ya kilima akajikuta anaomba bwawa la samaki. Bibi Shamba yeye alikuwa na bei zake ukutani, ambazo ukizijumlisha zote zilifika thamani ya mbuzi mmoja mwenye afya, na ukilipa unaandikiwa risiti.

Haya alitoa fomu yake kifuani. Ilikuwa imeshaanza kuchakaa kwenye mikunjo.

"Nilikuwa naijaza mwenyewe, mama," akasema akitazama ndoano. "Ila miwani yangu imevunjika."

Hakuwa na miwani. Hakuwahi kuwa nayo.

"Pole sana," akasema Bibi Shamba. "Hiyo ni miwani ya kumi na nne kuvunjika tangu mwezi uanze. Sijui mnaiweka wapi, watu wa bonde lile. Lazima mnailalia."

Lakini alisema hivyo taratibu, na kabla ya kuifungua fomu alinyanyuka akausukuma mlango hadi karibu ufunge, ili anayepita nje asisikie.

Haya alikuwa amemaliza darasa la saba. Barua ya kawaida aliweza kuisoma, na maelezo ya kwenye pakiti ya mbegu, na kadi za kliniki za watoto, kidole kikitangulia na midomo ikifuata. Nyumbani yeye ndiye aliyekuwa msomi. Mkewe hakuwahi kuingia darasani hata siku moja, na penye bomba la maji, wanawake walipokuwa wakisifia waume zao, huyu kwa nguvu, huyu kwa ng'ombe, yeye alikuwa na lake moja: "Wangu anasoma." Fomu ilipokuja, mkewe alipangusa meza, akamwekea kalamu, akawafukuza kuku. Haya akaikodolea macho. "Ainisha." "Bainisha." "Mnufaika tarajiwa." "Taja viambatisho." Kila neno alilitamka hadi mwisho, na kila likifika mwisho halikuwa limesema kitu. Siku ya tatu mkewe akauliza, "Umeshaisoma yote?" Akajibu, "Nimeshaisoma." Na kesho yake akaja hapa.

Bibi Shamba aliona sehemu chache alizojaza kwa penseli. Akasoma: "Hali ya maji: aba." Akainua macho. "Aba?"

"Haba, mama. Maji ni haba."

"Ah! H imebaki nyumbani."

"Ndivyo nilivyo tangu shule. Mwalimu alikuwa ananiuliza kama nazila."

"Basi shiba yako inaonekana," akasema, akaiandika h mbele kwa kalamu yake, ndogo na nadhifu. Kisha akamsomea fomu yote, swali kwa swali. Kuainisha, kumbe, ni kutaja aina moja moja. Mnufaika tarajiwa ni wewe mwenyewe, kabla hujapata kitu. Haya alijibu yote. Lilikuwa jambo la ajabu kwake: hakuna swali hata moja ambalo hakulijua jibu lake. Alilijua shamba lake kama kiganja. Kilichomshinda kilikuwa mlango tu, si nyumba.

Wiki hiyohiyo Bibi Shamba alifika shambani. Haya alichagua siku ambayo mkewe alikwenda kumtazama mama yake. Mama yule alivaa mabuti, akatoa kamba yenye fundo kila mita, akamfanya Haya ashike ncha moja, wakalipima bonde zima. Alichota udongo akaukanda kiganjani, akaunusa. Aliuliza mvua kubwa ikija maji yanapita wapi, akaenda kusimama palepale, akaandika. Walipopumzika penye tuta, Haya akamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakai kwake akala pensheni.

"Unajua ofisini nilikuwa nafanya nini miaka ya mwisho?" akasema. "Nilikuwa nakataa fomu. Ndiyo kazi niliyopewa. Mkono huu umekataa fomu zaidi ya mia nne. Kulikuwa na mkulima mmoja, swali lolote amejibu 'ndiyo'. Una ekari ngapi? Ndiyo. Mbegu gani? Ndiyo. Shamba lina mgogoro? Ndiyo! Tulicheka ofisi nzima, mimi nikicheka kuwazidi. Nikaigonga mhuri: imekataliwa. Miezi mingi baadaye nikapita kwake. Shamba safi, baba, hujapata kuona. Mgogoro hana na mtu yeyote. Anaungua na jua. Nikamuuliza, 'Mbona ulijaza hivi?' Akaniambia, 'Miwani yangu ilivunjika.'"

Alikung'uta udongo mikononi.

"Kwa hiyo nikiisikia hiyo miwani, sicheki. Nachokoza kidogo, lakini sicheki."

Mpango ulipokwisha, Haya aliuza mbuzi, akalipa. Bibi Shamba akaweka karatasi ya kaboni, akaandika risiti, akairarua kwenye mstari wa vitundu. Haya aliisoma njiani, kidole mbele: "Kwa ajili ya kumsomea na kumweleza fomu, kuchora mpango, na safari moja ya shambani." Neno "kumsomea" lilimchoma kama upupu. Aliikunja karatasi mara nane, na alipofika nyumbani akaizamisha kwenye kopo la misumari.

Mkewe alikuwa anachambua maharage uani.

"Mbuzi umemuuza vizuri?"

"Vizuri."

"Na pesa?"

Hapo ndipo jambo lilipoharibika. Angeweza kusema: nimemlipa Bibi Shamba, amenisomea fomu, imenishinda. Maneno sita tu. Alifungua mdomo, akaona meza iliyopanguswa, akaona wanawake wa bombani, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Ah, mama watoto, si unajua mambo ya fomu. Mkono mtupu haulambwi."

Mkewe aliguna. Hakukasirika, maana nani asiyejua mambo hayo? Mume anayetoa kitu kidogo ofisini si mjinga. Ni mtu anayejua dunia inavyokwenda. "Kumbe na yule mama naye anakula," akasema, akarudi kwenye maharage. Haya akajibu, "Haya."

Yaliyobaki yalijiendesha yenyewe. Mkewe alimwambia kaka yake, ambaye watu walimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kufikia mwisho wa wiki, mbuzi alishakuwa mbuzi wawili. Mwezi ulipoandama, alikuwa ng'ombe. Ikasemekana fomu isiyosindikizwa na kitu Bibi Shamba anaitupa chooni. Na jambo lililomtisha Haya kuliko yote ni kwamba hakuna aliyepinga. Watu wa miwani iliyovunjika walikuwa wengi bondeni, na alijua wengi wao walipitia mlango ule. Lakini kila mmoja alitikisa kichwa na kusema, "Ndivyo walivyo," kwa sababu kusema vingine kungemlazimu aeleze alikwenda kufanya nini.

Mkutano uliitishwa kwenye ghala la ushirika, watu wakakaa juu ya magunia. Afisa wa mpango, kijana wa kulingana na mtoto wa Bibi Shamba, alikuja na orodha ya washauri wanaotambuliwa. Alisema ofisi imepata malalamiko. Mshauri kulipwa kwa kazi yake ni halali, akasema. Mshauri kuuza nafasi ni hongo, na mwenye kosa hilo jina lake linafutwa.

"Yupo aliyetoa hongo?"

Watu wakatazama magunia waliyokalia.

"Mwulizeni shemeji yangu!" Redio akapaza sauti kutoka juu ya gunia la tatu. "Mbuzi wake kaliwa mpaka kwato!"

Watu wakacheka. Haya akasimama, kofia mkononi. Bibi Shamba alikuwa ameketi mbele kwenye benchi, mkoba mapajani. Aligeuka akamtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu aliyetega ndoo chini ya bomba analojua lina maji.

"Mzee, ulitoa au hukutoa?" afisa akauliza.

"Nilitoa..." akasema Haya. Risiti alikuwa nayo, asubuhi ile aliitoa kwenye kopo la misumari, ilikuwa mfukoni inamgusa paja. Ilibaki kuiinua tu. Lakini ingeinuliwa ingesomwa, na mkewe alikuwa pale kando ya mlango, kidevu juu. "Nilitoa kitu," akasema, akakaa.

Afisa akaandika. "Mama, una la kusema?"

Bibi Shamba alitoa mkobani kitabu cha risiti, kile chenye kopi za buluu. "Nina hiki. Kila aliyenilipa yumo humu, na nimeandika amelipia nini."

"Basi tusomee."

Alifungua ukurasa wa kwanza. Akainua macho akawatazama watu mmoja mmoja: mzee wa mfereji, mjane wa kilimani, Redio, ambaye ghafla alikuwa akikagua kucha zake, na Haya. Kisha akakifunga kitabu.

"Kusoma nimesoma sana mwaka huu, mwanangu," akamwambia afisa. "Leo nimechoka. Andika unavyoona."

Jina lake likafutwa kwa kalamu nyekundu kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni pa ofisi. Angefungua kitabu angepona yeye, na watu thelathini wangevuliwa nguo mbele ya wake zao. Akachagua avuliwe yeye. Haya alilielewa hilo akiwa bado juu ya gunia, na tangu saa ile chakula hakikumpita vizuri.

Ombi lake lilikubaliwa. Afisa aliusifia mpango wake, akasema ni wa mfano. Tangi likaja, mipira ikatandazwa, na asubuhi ya kwanza maji yalipotoka, tone, tone, tone, chini ya kila mche, mkewe alipiga vigelegele. Haya aliinama kana kwamba anakagua kitundu. Lile bonde lilikuwa kama ukurasa wa Bibi Shamba uliolazwa chini: mfereji palepale alipouchora, miche mpakani kama alivyoihesabu. Kila tone lilimuuliza swali, na fomu hii hakuwa na wa kumsomea.

Alivumilia wiki sita. Adhuhuri moja mkewe alimletea barua ya dada yake amsomee. Haya aliishika, akaiweka mezani, akaenda akaleta risiti, akaiweka juu yake.

"Nianze na hii," akasema. Akaisoma kwa sauti, kidole mbele, hakuruka neno. Alipofika kwenye "kumsomea" alirudia mara mbili, ili asije akajidanganya kwamba hakusikika.

Mkewe aliigusa risiti kwa kidole.

"Hukutoa hongo."

"Sikutoa."

"Fomu ilikushinda."

"Ilinishinda."

"Na barua za dada yangu, miaka yote hii?"

"Hizo nilizisoma."

"Zote?"

"Karibu zote. Mwandiko wake nao..."

"Usimsingizie dada yangu!" Alisimama, akazunguka meza, akakaa tena. "Baba watoto, mimi nisiyejua hata a, niliwahi kukucheka? Umemchinja mama wa watu kwa ajili ya sifa za bombani? Sifa zenyewe nilizisema mimi, ungeniambia ninyamaze!" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Na mimi ndiye niliyeyabeba maneno kwa kaka. Midomo yangu hii. Tumemla mtu, baba watoto. Mimi na wewe tumemla mtu mzima."

Haya hakujibu "haya". Kwa mara ya kwanza neno lenyewe lilimtoroka.

Alikwenda kwa afisa. Kijana yule akamsikiliza akichezea kalamu, akasema, "Maneno ya mdomo hayana faili, mzee. Andika, saini, lete. Na uandike mwenyewe. Nikiona mwandiko wa mtu mwingine sipokei."

Aliandika mchana, mlango wazi, mkewe amekaa mbele yake mkono shavuni kama anayesubiri mgonjwa azinduke. Aliharibu karatasi tatu. Ya nne akaikunja, akaenda nayo kwenye chumba cha zamani cha nyama.

Bibi Shamba alikuwa anahama. Meza imeshatoka. Mwavuli na mkoba vilikuwa bado kwenye ndoano, na yeye alikuwa amesimama juu ya kile kiti kirefu akibandua bei ukutani kwa ukucha, taratibu, ili karatasi isichanike. Kesho yake asubuhi angepanda gari kwenda kuishi kwa binti yake.

"Shikamoo, mama," akasema Haya kutoka mlangoni, ingawa hawakupishana sana umri.

"Marahaba. Kiti kirefu nimekisimamia. Kimebaki kifupi."

Akakaa kwenye kifupi, kile cha wagomvi. Magoti yakamfika kifuani. Alitaka kuomba msamaha, na njia nzima aliyapanga maneno, lakini yalipangika kama magunia, moja juu ya jingine, hakuna la kutoka. Akanyoosha karatasi tu. Bibi Shamba akashuka, akatoa penseli kwenye nywele kwa mazoea, akaipeleka barua penye mwanga. Ilisema hivi:

"Kwa afisa. Mimi mkulima wa bonde la chini. Sikutoa ongo nilitoa uongo. Nilimlipa mama mbuzi kwa risiti anisomee fomu kwasababu kusoma kwangu ni kudogo. Nyumbani nikasema mkono mtupu aulambwi kuficha aibu. Miwani sina na sijawai kuwa nayo. Mama ana kosa. Naomba jina lake lirudi."

Alisoma hadi mwisho. Akarudi juu, akasoma tena. Pua ilianza kumcheza. Haya alidhani analia, naye akaangalia chini. Kumbe anacheka, kicheko kilimpanda kutoka tumboni hadi akashika ukuta.

"Baba," akasema, "'Mama ana kosa'? Umekuja kunifungua au kunifunga?"

Haya alitazama mahali penseli ilipogusa. Akaliona. Damu yote ikampanda usoni. H nyingine imebaki nyumbani, na safari hii imebaki na jina la mtu. Alitamani sakafu ipasuke.

"Nisamehe, mama. Nisamehe hiyo, na ile nyingine."

Kicheko kilimtoka taratibu. Hakusema amemsamehe. Hakusema hajamsamehe pia. Aligeuza penseli, akampa upande wa kushikia. "Weka mwenyewe."

Haya aliweka karatasi gotini, akaandika h. Ilitoka kubwa kuliko herufi zote, imesimama mbele ya neno kama mlinzi getini. Kisha akairudisha barua kwake, akaomba amsahihishie na mengine, ile "ongo", ile "aulambwi", yote yaliyopinda, isije ofisi ikamcheka. Atalipa. Bei anaijua.

Bibi Shamba alitazama pale ukutani bei zilipokuwa. Palibaki mraba mweupe tu. Akatikisa kichwa.

Barua ile ilipokewa kesho yake, ikapigwa mhuri. Mkutano uliofuata ilisomwa, na watu walicheka kweli, Redio akicheka kuwazidi wote, mpaka mzee wa mfereji alipoinuka bila kusema neno na kuweka risiti yake mezani. Mjane wa kilimani akafuata, naye alikwenda kwa Bibi Shamba kuirekebisha ile habari ya bwawa. Walifika wanane. Redio hakuwamo. Jina likarudishwa kwenye orodha, lakini mwenye jina alikuwa ameshakwenda, na chumba kilishapangishwa kwa fundi wa simu. Kama habari zilimfikia kwa binti yake, Haya hakujua. Hakumwona tena.

Siku ile, chumbani, mama yule aliikunja barua kwa mikunjo yake ileile, akamrudishia, akamfunika vidole ili asiifungue.

"Ikinyooka watasema nimekuandikia mimi," akasema. "Peleka hivyohivyo, baba, na makosa yake."